Kitako Kinachorekebishika: Nani Anakihitaji, na kwa Bunduki Ipi?

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa na vitako vya aina nne kwa bunduki moja ileile ya Lee-Enfield. Kulikuwa na cha kawaida, kulikuwa na kirefu kilichozidi kwa nusu inchi, kifupi kilichopungua kwa nusu inchi, na kifupi kabisa kilichopungua kwa inchi nzima kwa ajili ya askari wa kimo kidogo. Vile visivyo vya kawaida viligongwa herufi ya kuvitambulisha. Fundi silaha wa kikosi alifungua skrubu moja ndefu iliyopita ndani ya kitako, akatoa kimoja, akaweka kingine, na askari akaondoka na bunduki inayomkaa. Lee-Enfield ndizo walizobeba pia askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda na Nyasaland waliopigana na Wajerumani katika ardhi ya Tanzania ya leo hadi bonde la Rufiji.

Kwa hiyo wazo la kwamba kitako kina kipimo, kama kiatu, ni la zamani kuliko Tanganyika ya Waingereza. Kilichobadilika ni namna ya kukipata. Leo mtu mwenye kibali anayejitengenezea bunduki ya kulenga kwa usahihi, akichagua mwenyewe mtutu, mtambo, darubini na kifyatulio, hatafuti tena kitako cha herufi fulani. Anauziwa kitako chenye skrubu na vitufe: shavu la kitako, pale uso unapolala, linapanda na kushuka, sehemu ya begani inatoka na kuingia, nyingine hata huinama kushoto na kulia. Je, anahitaji hayo yote? Na kama anaishi pwani yenye unyevu, katika nchi ambayo bunduki ndefu ya raia huwa ni ya uwindaji, ya ulinzi wa shamba au ya michezo, jibu linabadilika?

Swali hili linasikika kama la Masaki au Oysterbay, mitaa ya wenye pesa ya Dar es Salaam. Mimi naona linaulizwa vizuri zaidi Mbagala. Kwanza, Mbagala haina nafasi ya kuzungumzia silaha kama mchezo wa kuigiza. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Jeshi la Wananchi lililoko huko lililipuka, zaidi ya watu 20 wakafa, na maelfu wakaziacha nyumba zao. Pili, Mbagala iko juu ya Barabara ya Kilwa, njia ambayo mbao ngumu za Rufiji, Kilwa na Lindi zimekuwa zikiingilia mjini kwa miaka mingi, na mafundi seremala wa huko wanajua tabia za mbao kuliko vitabu vingi vya bunduki. Tatu, ukitazama bunduki ndefu ambazo mkazi wa kawaida wa Temeke, wilaya yenye Mbagala, huziona kila siku, ni zile za walinzi wa mabenki na vituo vya mafuta. Mlinzi wa mchana anaikabidhi kwa wa usiku, mmoja mrefu na mwingine mfupi, na kitako ni kilekile. Hao ndio wanaohitaji kitako kinachorekebishika kuliko mtu yeyote, na hakuna anayewauliza.

Tuanze na kazi ya kitako chenyewe. Watu hudhani ni mpini wa kushikia. Kazi yake kubwa ni kuliweka jicho mahali palepale kila mara. Kwa bunduki yenye nishani za chuma, hesabu yake ni rahisi. Kama umbali kati ya nishani ya nyuma na ya mbele ni sentimita 50, basi kosa la milimita 1 tu kwenye nishani ya nyuma linakuwa kosa la sentimita 20 kwenye shabaha iliyo mita 100. Darubini iliondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini haikulimaliza. Jicho likikaa pembeni ya mstari wa katikati wa darubini, alama ya msalaba huhama juu ya shabaha hata kama bunduki haijasogea. Darubini nzuri zina kitufe cha kupunguza kosa hili kwa umbali fulani. Hakuna yenye kitufe cha kuurudisha uso wako pale ulipokuwa risasi iliyopita.

Hapo ndipo kipimo cha kwanza, kimo cha shavu la kitako, kinapoingia. Bunduki nyingi za kiwandani zilirithi umbo la kitako kutoka enzi za nishani za chuma, ambazo hukaa chini, karibu na mtutu. Ukifunga juu yake darubini yenye kioo kikubwa cha mbele, jicho linatakiwa lipande. Sehemu ya mbao ambayo shavu lingelalia inabaki chini, mlengaji ananyanyua kichwa, na sasa ni kidevu, au taya, kinachogusa mbao. Kichwa kinaelea. Shingo inachoka baada ya risasi chache, na kila risasi inapigwa kutoka kwenye kichwa tofauti. Ukiona mtu analalamika kwamba darubini yake mpya "inahama", mtazame kwanza uso wake anapolenga. Mara nyingi darubini haina kosa lolote.

Kipimo cha pili ni urefu kutoka kifyatulio hadi begani. Bunduki nyingi za viwandani huja na takriban inchi 13.5 mpaka 14. Kikiwa kirefu mno, mkono unanyooka kupita kiasi, kidole kinavuta kifyatulio kwa ncha na kwa upande, na jicho linakuwa mbali na darubini hata picha inaonekana imezungukwa na kivuli cheusi. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba kinakaribia pua, na bunduki yenye teke kali itakukata juu ya jicho kwa ukingo wa darubini. Wawindaji wengi wanayo alama hiyo, na hawapendi kueleza ilivyopatikana.

Kipimo cha tatu ni kimo cha sehemu ya begani: ikae juu au chini kiasi gani kwenye bega bila kukulazimisha uiname. Cha nne ni mwelekeo wake kushoto au kulia, kwa sababu bega la binadamu halijanyooka kama ukuta. Viwili hivi ni vya maana sana kwa mlengaji wa michezo, na vina maana ndogo kwa wengine wote. Nitaeleza sababu, ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Mafundi bunduki wa London na Birmingham walikuwa na chombo maalumu tangu mwishoni mwa karne ya 19: bunduki ya kupimia, yenye kitako cha viungo na skrubu kinachoweza kurefushwa, kufupishwa, kupandishwa na kupindwa. Mteja alikishika, akalenga, akasahihishwa, akalenga tena. Vipimo vikipatikana, viliandikwa kwenye daftari, na kitako chake halisi kikachongwa kwa mbao ya walnati kisicho na skrubu hata moja. Baadhi ya mabwana waliokuja Afrika Mashariki kuwinda walikuja na bunduki zilizopimwa namna hiyo.

Ninaisisitiza bunduki ile ya kupimia kwa sababu ndiyo inayoweka mambo mahali pake. Kurekebisha kulikuwa njia ya kupata kipimo. Kipimo kikishapatikana, kilichotakiwa ni kitako kisichosogea. Soko la leo limegeuza mambo, likauza kule kurekebisha kama ndiyo faida yenyewe, hata mtu anatamani vitufe vingi zaidi kwa imani kwamba vitufe vingi ni usahihi mwingi. Kila kiungo kinachosogea ni mahali ambapo bunduki inaweza kulegea. Bunduki ya mtu mmoja, kwa kazi moja na mkao mmoja, inahitaji kupimwa mara moja kisha kufungwa.

Wapi basi kiungo kinachosogea kina haki yake? Kwanza kwenye michezo ya kulenga ya kimataifa. Katika mashindano ya bunduki ya mita 50, mlengaji yuleyule anapiga goti, analala kifudifudi, kisha anasimama, na bunduki ni ileile. Kichwa, bega na mkono hukaa tofauti katika kila mkao, na kitako hubadilishwa kulingana na mkao. Kanuni zinaruhusu bunduki ya mita 50 ifikie kilo 8, na ya upepo ya mita 10 kilo 5.5, kwa hiyo uzito wa vyuma vya kurekebishia si tatizo. Mwingereza Malcolm Cooper alipata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo wa mikao mitatu mwaka 1984 na tena 1988. Kampuni aliyoianzisha na wenzake, Accuracy International, ndiyo iliyotengeneza bunduki ya walenga shabaha iliyochukuliwa na jeshi la Uingereza miaka hiyohiyo ya 1980: mtambo umefungwa juu ya uti wa alumini, pembeni kuna vipande vya plastiki, na urefu wa kitako unaongezwa au kupunguzwa kwa vipande vya kati. Chesisi nyingi za alumini zinazouzwa leo zimefuata njia hiyo. Bingwa aliyezoea vitako vyenye kila aina ya marekebisho alipoitengenezea silaha ya jeshi alipunguza marekebisho, hakuyaongeza.

Pili, kinafaa pale bunduki moja inapotumiwa na watu wengi: klabu, kikosi, familia ya wakulima yenye kibali, askari wa wanyamapori wanaobadilishana zamu. Tatu, kwa mtu ambaye bado anajifunza na mkao wake unabadilika. Na nne, kwa mtu asiyefanana na yule aliyekusudiwa na kiwanda: mwanamke mwenye mikono mifupi, mtu mrefu kupita kiasi, mwenye jeraha la bega. Huyu wa nne ndiye anayefaidika kuliko wote, kwa kuwa kitako cha kiwandani hakijawahi kumkaa hata siku moja.

Tukija kwenye uwindaji, hali inageuka. Sheria za uwindaji za Tanzania zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba. Bunduki ya kipimo hicho inapiga teke zito. Shavu linaloshikiliwa na skrubu mbili ndogo litashuka taratibu kwa kila risasi, au litapanda na kukugonga chini ya jicho. Na katika misitu ya miombo, nyati hupigwa kwa umbali wa hatua, si wa kilomita. Mwindaji anaweka bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, anapiga, anapakia tena bila kushusha bunduki begani. Hapo panatakiwa kitako kilichonyooka, chepesi, chenye raba nzuri ya begani, kilichokatwa kwa urefu wa mwenyewe. Kitako cha skrubu kwenye bunduki ya nyati ni upotevu wa pesa, na kuna siku kitakuwa zaidi ya upotevu wa pesa. Kwa swala, kwa bunduki za teke dogo, shavu linalopanda linaweza kufaa, hasa kama darubini ni kubwa. Zaidi ya hapo sioni hoja.

Sasa mbao, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda. Walnati, mti unaosifiwa na mafundi bunduki duniani kote, una uzito wa takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo. Mninga wetu uko karibu hapohapo, na una sifa moja ambayo hata mafundi wa Ulaya wanaionea wivu: hutanuka na kusinyaa kidogo sana unyevu unapobadilika. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu kuchonga. Mpingo unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na huzama majini. Kitako cha mninga chenye kilo 1, kikichongwa kwa mpingo, kitakaribia kilo 2. Mpingo unafaa kipande kidogo cha mapambo kwenye ncha ya mbele au chini ya mkono, si kitako kizima. Mtiki hautikisiki sana na unyevu, lakini mafuta yake hufanya gundi ishike vibaya.

Jambo linalowasumbua wenye bunduki za mbao hapa pwani ni safari. Bunduki ikikaa Dar es Salaam wakati wa masika, mbao inanywa unyevu. Ikipelekwa Dodoma au Manyara kiangazi, inaupoteza na kusinyaa. Mbao husogea kwa upana, karibu haisogei kwa urefu, na upana huo ndio unaobana mtutu kutoka pembeni. Mtutu uliobanwa unapeleka risasi mahali pengine, na mwenye bunduki analaumu risasi. Tiba yake inajulikana: mtutu usiguse mbao kabisa, karatasi ipite katikati yake na mbao kutoka ncha hadi karibu na mtambo, na mtambo ukalie kwenye tabaka la epoksi, jamii ileile ya Araldite ambayo kila fundi wa Mbagala ana kopo lake, likiwa na nguzo mbili ndogo za alumini zinazopitisha skrubu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kitako cha mninga kinaweza kushindana na chesisi ya alumini kwa kazi nyingi.

Kuna pia kitako cha mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, ambacho hakisogei kama mbao nzima na ni rahisi kufungia vyuma vya kurekebishia. Kwa bei na tabia, ndicho ningekiweka mbele kwa mtu wa pwani. Kile cha nyuzi za kioo ni chepesi na hakijali mvua. Alumini haijali unyevu pia, lakini skrubu zake za chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari kama hazipakwi mafuta, na shavu lisilofunikwa litakuchoma baada ya saa moja juani. Wanaoandika sifa za chesisi wengi wanaishi nchi za baridi, na hilo hawalitaji.

Je, seremala wa Mbagala anaweza kuchonga kitako cha namna hii? Kwa ujuzi wa mikono, wapo wanaoweza. Anayejua kwamba mguu wa kiti hukatika pale nyuzi za mbao zinapopita kimshazari anajua tayari kosa kubwa la vitako vya hovyo, ambalo ni nyuzi kukatiza kwenye shingo, pale mkono wa kifyatulio unaposhika. Tatizo ni kwamba kazi ya kuoanisha mbao na mtambo inataka bunduki yenyewe iwe mezani, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na kibali kukaa na silaha ya mwenzake, wala kufanya biashara ya kukarabati silaha bila leseni. Usimpelekee seremala bunduki yako, hata kama ni rafiki, hata kama ni ya kupima dakika tano. Vipimo vya mwili vinaweza kuchukuliwa bila bunduki, na kipande cha mbao kilichokauka vizuri kinaweza kupelekwa kwa fundi silaha mwenye leseni. Mpaka mafundi wa namna hiyo waongezeke, ujuzi wa mbao wa Barabara ya Kilwa utaendelea kuishia kwenye makochi na vitanda.

Kwa bei, vitako na chesisi zinazorekebishika huko nje hutofautiana sana, na nyingine hupita dola 1,500. Ongeza usafirishaji, ushuru, na ruhusa za kuingiza sehemu ya silaha, ambazo lazima uziulizie polisi kabla ya kulipa, siyo baada. Kwa pesa hiyo, angalia nini? Vuta shavu na sehemu ya begani kwa mkono baada ya kuzikaza. Zikicheza hata kidogo, kiache. Angalia kama kuna mistari au namba za kipimo, kwa sababu utahitaji kurudi pale ulipokuwa. Pandisha shavu mpaka mahali pake, kisha jaribu kuvuta komeo la bunduki lote kwa nyuma kama unavyofanya wakati wa kusafisha; katika vitako vingi komeo linagonga shavu, na kila usafi unakuwa kazi ya kufungua na kupima upya. Mwenye mkono wa kushoto ahakikishe upande wa vitufe; vilivyo vingi vimekusudiwa mkono wa kulia na vitamkwaruza uso.

Na mpangilio wa kupima uwe huu. Hakikisha kwanza, kwa macho na kwa kidole, kwamba bunduki haina risasi. Rekebisha urefu mpaka kidole kilale kwenye kifyatulio kwa nyama laini ya kidole, bila mkono kunyooka. Kisha fumba macho, laza shavu kwa uzito wake wote kama unayetaka kusinzia, fumbua. Kama picha ya darubini ni duara kamili, shavu liko sawa. Ikiwa kuna kivuli chini au juu, pandisha au shusha, urudie. Sehemu ya begani iwe ya mwisho. Usianze na darubini kisha ukalazimisha mwili uifuate, ingawa wauzaji wengi ndivyo wanavyofunga. Vipimo vikikubali, viandike, kaza kila kitu, weka alama ya rangi kwenye kila skrubu ili ujue ikilegea, na uache kuvigusa.

Uamuzi wangu ni huu. Bunduki ya nyati au ya simba: kitako kisichosogea, kilichokatwa kwa kipimo chako, basi. Bunduki ya mashindano ya mikao mingi: marekebisho yote, na uzito wake uukubali. Bunduki ya shabaha ya mtu mmoja anayepiga akiwa amelala au juu ya meza: shavu na urefu, hivyo viwili tu, na mbao ya tabaka inatosha. Silaha inayobadilishwa mikono kila zamu, iwe ya askari wa wanyamapori au ya mlinzi wa benki pale Rangi Tatu, Mbagala: angalau vipande vya kuongeza na kupunguza urefu, ambavyo ni chuma na raba kidogo tu na havigharimu sehemu kubwa ya bei ya bunduki. Na mwenye kibali ambaye pesa yake inatosha rekebisho moja pekee, aanze na shavu.